Mganga Asiyepoteza Mtu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku niliyofunga ndoa. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, hapa Uvira, nyumbani kwa Bibi Zuhura. Sisi vijana tulikuwa tumekaa mkekani tukibishana juu ya mtu asiyekuwepo duniani. Nasema hakuwepo kwa sababu tulimtunga wenyewe.

Sina mvi za kutosha kunipa haki ya kukushauri. Wenye mvi waliokuwa mtaani kwetu, wengine wamevuka kwenda Burundi, wengine wako chini ya udongo, na kazi yao imeniangukia mimi niliyeacha shule mapema. Juzi umeniletea mganga wako uliyemtunga, ukaniuliza kama anafaa kuingia mchezoni. Nilimsoma nikanyamaza, nawe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa namkumbuka mganga mwingine, na kijana aliyemtunga. Jina lake Nestori. Baadaye alikuja kuwa mume wangu, na mwaka huu tumemzika. Kaa, nikueleze polepole.

Mchezo unaujua, lakini nitausema tena kwa ajili ya wenzako ambao hawajaukalia. Mmoja anashika dunia: milima, mito, wanyama wakali, wafalme. Huyo ni msimulizi. Wengine, kila mmoja anashika mtu wake aliyembuni, mpiganaji au mwizi au mchawi au mganga. Jambo likiwa la mashaka, dadu lenye pande ishirini ndilo linaamua. Kila kazi ina matawi yake. Waganga si wa aina moja, na wapiganaji vilevile. Matawi mengine yako katika kitabu cha mchezo, na mengine watu hujitungia nyumbani. Hapo ndipo penye taabu, kwa sababu tawi la kujitungia ni lazima lipimwe. Likiwa dhaifu, mwenye nalo anakaa kama mgeni asiyekaribishwa. Likiwa na nguvu kupita wenzake, wenzake ndio wanaogeuka wageni.

Msimulizi wetu alikuwa Ramazani, mjukuu wa Bibi Zuhura, wa zile familia za Waislamu wafanyabiashara waliokuja na biashara ya ziwa zamani. Alikuwa amesoma Bujumbura, akarudi na kitabu cha Kifaransa na dadu ndani ya soksi. Lubunga alikuwa dereva wa taksi ya pikipiki, na mtu wake mchezoni alikuwa mwizi, naye mwenyewe alisema ameokota kazi inayofanana na ya mjomba wake. Mimi nilikuwa mpiganaji. Tena mimi ndiye niliyekuwa nikipima sheria, kwa sababu nilikuwa na subira ya kulijaribu jambo mara nyingi. Lubunga akanipa jina la Mama Zuzi, yaani mama hakimu. Nestori alikuwa mganga wetu.

Nestori alikuwa mtu wa bonde la Ruzizi, wa Bwegera. Kwao wanasema Kirundi na kulima mpunga. Hapa Uvira alikuwa akichomelea milango ya chuma, na alikuwa amepanga chumba karibu na mto. Baba yake alikwisha kufa. Mdogo wake wa mwisho, msichana aliyeitwa Odeta, mama yao alimleta mwenyewe kutoka Bwegera aje kusoma huku, akachukua mkono wa mtoto akautia katika mkono wa Nestori, akasema, "Huyu sasa ni wako."

Siku moja mvua ilinyesha milimani. Unajua mito yetu jinsi inavyoshuka, haileti maji peke yake, inaleta na mawe makubwa kama nyumba. Nestori alikuwa kazini, mtoto yuko chumbani. Aliporudi hakukuta chumba, wala nyumba, wala njia ya kufika ilipokuwa nyumba. Tulimtafuta Odeta ufukweni kuelekea kusini mpaka Makobola. Ziwa lilitupa watu wengine. Yeye halikumtoa.

Sasa sikiliza desturi ya kwao, maana ndiyo kiini cha habari hii. Mtu akipotea majini na mwili usionekane, familia haikai ikingoja milele. Wanakata mgomba, wanauvika nguo za marehemu, wanauzika kama mtu, na padri au katekista anasali. Ndipo kilio kinaondolewa, watu wananyoa, shamba linalimwa tena. Lakini baba akiwa hayupo, mwenye kukata mgomba ni mtoto mkubwa wa kiume. Hakuna mwingine. Mama yake alimtumia ujumbe aende, na Nestori akakataa. Alimpigia simu akamwambia, "Mama, hajafa. Nitamrudisha." Mama akakaa nyumbani na nywele zake bila kunyoa, hapiki vizuri, halimi, majirani wanapita mbali. Kila aliyetoka Bwegera alituambia hivyo.

Nestori aliporudi kwenye mkeka wetu alikuwa amekonda. Alikuja na tawi jipya la mganga, akaliita Mrudishaji. Mtu yeyote akianguka, Mrudishaji anamwita kwa jina, naye anasimama na nguvu zake zote. Bila gharama, bila kikomo. Aliyekufa sasa, aliyekufa zamani, aliye karibu, aliye mbali, wote sawa.

Mimi mpimaji niliona papo hapo kwamba halifai. Ramazani naye aliona. Tulitazamana, tukasema ni zuri. Nani angemkatalia mtu mwenye macho yale? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tulifikiri tunamsaidia kuubeba kwa kutikisa vichwa.

Jumapili ya kwanza ilikuwa ya kicheko. Lubunga alimwingiza mwizi wake katika kinywa cha mamba kwa makusudi. "Minye nataka nihesabu meno yake," akasema. "Nikifa, si Nestori iko?" Akafa, akaitwa, akasimama, akasema meno ya nyuma yameoza. Tulicheka mpaka Nestori naye akatabasamu. Jumapili iliyofuata alijitupa tena kutoka juu ya mnara, na hakuna aliyecheka sana. Baadaye akaacha hata kusema anafanya nini. Alikuwa anarusha dadu huku akitazama simu.

Ramazani akafanya kosa ambalo wasimulizi wengi hulifanya, na wewe ulikumbuke. Alipoona hakuna kinachotutisha, akaongeza ukali wa maadui. Mamba akawa na vichwa vitatu, kisha moto, kisha sumu. Matokeo yake sisi wengine tukawa tunaanguka kwa pigo moja, Nestori anatuinua, tunaanguka, anatuinua. Mpiganaji wangu niliyemlea kwa muda mrefu akawa gunia la kuinuliwa. Nguvu ya mmoja ikizidi, hairekebishwi kwa kuwatesa wote.

Bibi Zuhura alikuwa akikaa mlangoni, akichagua mchele, na mchezo wetu aliuita kamari ya watu wasio na fedha. Siku moja akasema bila kuinua macho, "Zamani mlikuwa mnapiga makelele hadi kuku wangu wanakimbia. Sasa nasikia miayo tu. Mnacheza ao mmekesha na maiti?"

Hapo Ramazani akaniomba nilipime lile tawi, waziwazi, mbele ya mwenyewe. Nestori akakubali. Hiyo ndiyo Jumapili ninayokuambia.

Tulichukua pigano moja, lilelile, tukalicheza na mganga wa kitabuni, kisha na Mrudishaji. Tukiwa na mganga wa kitabuni tulipona kwa shida, Lubunga akaapa kwa jina la mama yake. Tukiwa na Mrudishaji hakukuwa na pigano. Nikasema tuweke kikomo, aite mara moja kwa siku. Tukajaribu. Bado hapakuwa na hofu, kwa sababu kila mtu alijua ile mara moja ipo, akaitumia kwa ujinga. Nikasema basi alipe kwa uhai wake mwenyewe, na alicholipa kisirudi. Tukajaribu. Safari hii Mrudishaji akamalizika yeye kabla ya adui kumalizika, na nani atashika mtu wa namna hiyo? Gharama ikiwa ndogo inaharibu meza, na ikiwa kubwa mno inaliua tawi lenyewe. Tukapunguza: alipe, lakini akilala na kula, sehemu irudi. Ikaanza kukaa vizuri. Nestori mwenyewe alikuwa anahesabu pamoja nasi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilimwona ameinama mbele kama mtu mwenye njaa.

Ilibaki ile habari ya aliye mbali. Nikasema, kama fundi anayetazama kazi tu, "Na asiweze kumwita mtu asiyemwona. Lazima mwili uwepo."

Mkono wa Bibi Zuhura ukasimama juu ya ungo.

Nestori hakunipigia kelele. Aliuliza, "Feza, weye umesha zika nani?"

Wakati ule nilikuwa sijazika mtu wangu wa karibu. Akaweka dadu chini taratibu, akavaa kandambili, akatoka.

Lubunga akasema nimemwua Odeta mara ya pili. Ramazani akasema tukimbie tukamwambie sharti limefutwa, ni mchezo tu, kuna hasara gani mtu akiachiwa mganga wake. Nikasimama kwenda. Bibi Zuhura akanyoosha mguu wake mlangoni, nisipite.

Mwanangu, yule mama hakuwahi kutusemesha kwa dakika tano mfululizo ila siku ile. Alituambia kwamba mume wake alitoka na mzigo kwenda Kigoma, zamani, baba yake Ramazani akiwa anatambaa. Boti haikufika. Watu wa mtaa waliogopa kumwambia. Huyu alisema labda amekwama Kigoma, yule alisema labda kuna mwanamke. Naye alikuwa akipika chakula cha watu wawili kila jioni, na majirani walikuwa wakikisifu kile chakula.

"Sikukaa eda kwa wakati wake," akasema. "Sikulia kwa wakati wake. Nilipokuja kulia, waliopaswa kulia nami walikuwa wameshahama. Miaka yangu iliibwa na watu wema. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na nyinyi mnamchelea mwenzenu mpaka mama yake kule bondeni ameota kutu."

Ramazani akasema, "Lakini Bibi, ameumia."

"Ameumia, ndiyo. Kwani alikuwa mzima?" Kisha akanigeukia mimi. "Neno lako liache hapo lilipo, usilifute. Ukilifuta utamfanya mjinga mara mbili. Lakini usimwache peke yake na hilo neno. Miguu unayo. Nenda."

Akauondoa mguu wake.

Nilimkuta pale palipokuwa chumba chake. Hapakuwa na kitu ila mawe, na akina mama walikuwa wakiponda kwa nyundo kokoto za kuuza kwa wajenzi. Alikuwa amekaa juu ya jiwe moja. Nikakaa jirani. Kokoto zile zilikuwa zinalia, kwa, kwa, kwa.

Mwishowe akaniuliza, "Ulisema vile juu ya mchezo, ao juu yangu?"

Ningeweza kusema uongo mdogo mtamu. Nikamwambia, "Nilisema juu ya mchezo. Lakini lilipotoka tu kinywani, nikajua ni lako."

"Na hautalitoa?"

"Sitalitoa. Ni sharti la haki, Nestori. Hata ungekuwa umelileta weye, ningelikubali."

Akaokota kokoto akaitupa. Aliniambia kwamba kila mvua ikinyesha milimani anafikiri mto utamrudishia kila kitu kinyumenyume, chumba na kitanda na daftari za mtoto. Akasema anajua ni wazimu. Akasema mama yake alimtia ule mkono katika mkono wake, na akikata mgomba atakuwa amekiri mbele ya watu wote kwamba aliuachia.

Watu wanafikiri mshauri ana neno kila mara. Mimi nilikuwa naogopa.

Ndipo akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Sawa. Mwili haupo. Sasa mtu wangu anafanya nini? Anasimama tu kama nguzo? Tawi lenye sharti namna hiyo halina kazi, wenzake wanakufa ndani ya ziwa naye anaangalia."

Nikamwambia ana haki, hilo ni pengo, na sijui la kuliziba. Mwanamke mmoja aliinuka, akajishika kiuno, akaketi tena.

"Anazika," Nestori akasema.

"Anazika nini, na mwili haupo?"

"Unajua anazika nini." Akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Anakata mgomba. Aliyekufa harudi. Lakini wale waliobaki hai wanapata nguvu nusu, ya kutembea. Kwa sababu wamezika. Andika hivyo. Nusu, si yote. Yote itakuwa ni uongo."

Nikajaribu kuipima akilini, kwa mazoea. Ilikuwa imekaa sawa. Haikuwa kubwa kuliko matawi ya wengine, haikuwa ndogo. Ilimpa mganga kazi bila kukiondolea kifo uzito wake. Nimepima matawi mengi tangu siku ile, sijaona lililokaa sawa kama lile. Nikamwambia, "Inafaa." Hapo akalia. Wale akina mama wakaacha nyundo zao, hawakututazama, waliacha tu, mpaka alipomaliza.

Tulikwenda naye Bwegera, sisi sote, Lubunga akiwa amemkodi mwenzake mwenye pikipiki ya pili. Bibi Zuhura alitupa mchele wa kupeleka, akakataa kushukuriwa. Barabara ilikuwa mbovu na hakuna aliyetania.

Mama yake Nestori alitoka mlangoni, nywele zimesimama, kitenge kimefifia. Sisi tulifikiri atamkemea au atamkumbatia. Alimtazama tu. Akasema, "Umekawia, mwanangu." Kisha akaingia ndani, akatoka na panga lililokwisha nolewa. Lilikuwa limenolewa siku nyingi, maana kutu ilikuwa imeanza upya ukingoni.

Nestori alikata mgomba nyuma ya nyumba. Ulianguka upande wake, akaudaka kifuani kwa mikono miwili, utomvu ukamchafua shati. Mama aliuvika sketi ya buluu na blauzi nyeupe ya shule, zile za akiba alizokuwa amemshonea mtoto kwa mwaka ambao haukufika. Mgomba ulikuwa mnene, vifungo havikufungana, na mama alikuwa akijaribu kimoja kimoja na kurudia, mpaka mwanamke mzee wa jirani akamshika vidole. Katekista alisali kwa Kirundi. Nestori akatupa udongo wa kwanza, halafu akashindwa kunyanyua koleo, tukamsaidia.

Nisikudanganye kwamba alipona. Hakupona. Mpaka mwaka huu kipindupindu kilipomchukua, mvua ikinyesha milimani alikuwa akiinuka anakwenda kusimama mlangoni, na mimi mke wake nilikuwa nasimama naye. Lakini mama yake alinyoa kesho yake asubuhi. Msimu ule alilima. Alikula pamoja na watu. Aliishi miaka kadhaa kama mtu, si kama mlango ulioachwa wazi. Hiyo ndiyo nusu Nestori aliyoisema juu ya mawe, na nusu si kitu kidogo.

Basi, mwanangu, jibu langu juu ya mganga wako ni hili. Asiingie mchezoni kama alivyo. Mpe gharama inayouma lakini isiyomwua. Mjaribu katika pigano lilelile pamoja na mganga wa kitabuni, na mjaribu siku nzima ya safari, si pigano moja, maana udhaifu wa sheria huonekana watu wakichoka. Tazama nyuso za wenzako kuliko dadu. Wakianza kutazama simu, nguvu yako imezidi. Usimwombe msimulizi akuze maadui ili wakutoshe. Na ukimwekea sharti linalomfunga mikono, mtafutie la kufanya ndani ya sharti hilo.

Hilo ni la mchezoni. La nje ya mchezo ni kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na rafiki anayekuambia yanazoleka hakupendi, anajipenda, hataki kuyaona machozi yako. Mwambie mwenzako ukweli. Usimrushie kama jiwe ukakimbia. Mpelekee, ukae naye juu ya mawe, hata kama huna la kuongeza. Na wewe ukiambiwa, kasirika kama ni lazima, toka nje kama ni lazima, lakini usikawie sana. Kuna mtu nyumbani anakungoja na panga limenolewa.

Mungu wa baba zako akutunze, katika mvua na katika kiangazi. Akupe meza yenye watu wanaothubutu kukukatalia. Wapendwa wako akuachie kwa muda mrefu. Na siku atakapowachukua, kwa maana atawachukua, akupe mkono wa kukata, na mikono mingine ya kukusaidia koleo. Amina.